Mota Inayopenda Watu

Jumatatu, 10 Julai 2023

Leo nimeshinda. Saa ya mizunguko imepona, na nimeiponya mimi, si fundi!

Tangu juma lililopita mshale wake ulikuwa unapanda, unaanguka, unatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Abiria walianza kucheka. Na saa hii ndiyo fahari yangu! Hakuna boti nyingine ya abiria hapa Kamembe yenye saa ya kuonyesha mota inazunguka mara ngapi kwa dakika. Gasana, mwenye boti mwenzangu, hana. Gasana anaisikiliza mota yake kwa sikio, kama mpishi anayesikiliza maharage.

Mota yangu ya kwanza niliipasua kwa kuikimbiza bila kujua kiwango. Ilikohoa moshi, ikakata roho katikati ya ziwa. Ndipo nikanunua saa hii kwa Honorine, mama wa Bukavu anayevuka mpaka na vipuri. Ina sehemu nyekundu upande wa kulia. Mshale ukigusa wekundu, unapunguza gasi. Sheria ni hiyo moja.

Basi leo nimeifungua, nikatazama mgongoni. Waya mweusi ulikuwa umelegea na kushika kutu. Nimeusugua kwa msasa, nimeukaza. Mshale umetulia. Nani fundi sasa?

Lakini nimegundua kubwa zaidi. Nyuma kuna skrubu ndogo ya plastiki, imezungukwa na namba: 4, 6, 8, 10, 12. Ilielekezwa kwenye 12. Honorine aliponiuzia alinikataza kuigusa. Wafanyabiashara! Wanakuuzia ng'ombe, wanakuficha chuchu.

Nikakaa juu ya ndoo, nikafikiri. Kumi na mbili. Kibali changu kinaniruhusu kubeba watu wangapi? Kumi na wawili! Nusura nianguke kwenye ndoo. Saa inataka kuambiwa mota imebeba watu wangapi! Ndiyo maana ilikuwa inababaika. Mimi nabeba watu sita, yenyewe inaamini ni kumi na wawili. Maskini, imedanganywa muda wote huu. Nimeihamishia kwenye 6.

Imepona kwa wakati wake. Tarehe 22 ni gusaba ya Gad, siku ya kwenda kumwomba binti kwa wazazi wake. Gad ni mtoto wa marehemu kaka yangu Ushindi, nimemlea mimi. Binti anaitwa Larissa, kwao ni kisiwani Nkombo. Na nimesikia sokoni kwamba Gad anafikiria kuvuka na boti ya Gasana. Ya Gasana! Mimi baba yake nipande pale kama abiria, karibu na mbuzi?

Jumanne, 11 Julai

Nimebeba watu sita kwenda Nkombo. Kabla ya kuondoka nimewatangazia kwamba saa imepona. Nikasukuma gasi nusu tu, mshale ukaruka hadi kwenye ukingo wa wekundu. Nusu gasi! Kumbe nguvu zote hizi zilikuwa zimelala! Nikamwonyesha mama mmoja mwenye kikapu cha mihogo. Akasema saa ni nzuri sana, ila anauliza kama tumeshaondoka.

Tulikuwa tumeshaondoka. Taratibu, lakini tumeondoka.

Gasana akatupita. Boti ya mbao, mota imefungwa kwa waya, ndizi hadi juu, mbuzi wawili. Alinipungia mkono. Mbuzi nao wakanitazama mpaka walipopotea.

Nimefikiri kwa utaratibu. Mota imefika mwisho wa nguvu zake, mshale ni shahidi. Kwa hiyo mota haina kosa. Basi kosa ni la esansi, petroli yenyewe. Wamenichanganyia maji! Nimemwaga esansi yote kwenye jerikeni, nimenunua nyingine, nimebadilisha buji, ile plagi ya kuwasha mota, nimekagua elisi, panga linalosukuma maji, kwa kuipapasa chini ya maji. Elisi safi, hata jani hakuna. Safari ya kurudi ikawa vilevile.

Mke wangu Mukankusi ameniuliza kwa nini nimelowa hadi kifuani. Nimemweleza. Akaniambia kwa upole, "Papa Isimbi, ile boti inaendeshwaka na mota ao na saa?" Isimbi ni binti yetu, na boti nimeipa jina lake. Nikaenda kubadilisha suruali. Kuna mambo ya kiufundi ambayo ndoa haiwezi kuyabeba.

Alhamisi, 13 Julai

Maajabu!

Leo nimepata abiria kumi na wawili. Korali nzima ya akina mama wa Nkombo, wametoka kuimba kwenye misa ya shukrani hapa Kamembe. Kiongozi wao anaitwa Maman Patricie, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na kinanda chake amekipakata kama mtoto. Jile za kuokolea maisha zilitosha kasoro mabega yake.

Nimegeuza skrubu kwenye 12, kama inavyostahili. Nikatarajia aibu. Boti imejaa, akina mama si wepesi. Nikasukuma gasi. Mshale ukapanda taratibu, kwa adabu. Nikasukuma tena. Ukapanda kidogo. Nikasukuma hadi mwisho, na wekundu bado uko mbali! Boti ikainua pua, maji yakapasuka pande zote mbili, vitambaa vya akina mama vikapepea. Tukampita Gasana! Nikampungia mkono mimi sasa. Alikuwa ameduwaa.

Maman Patricie alisema hajawahi kuona boti ya aina hii. Nikamwambia ni saa. Akauliza saa ngapi. Nikamwambia si saa ya aina hiyo.

Ila sasa nina swali zito. Watu sita, boti inatambaa. Watu kumi na wawili, boti inaruka. Kwa nini? Walikuwa wanaimba wakati wote. Je, ni wimbo?

Ijumaa, 14 Julai

Si wimbo.

Asubuhi nilikuwa na wachuuzi sita wa sambaza, dagaa wa ziwa letu. Nimewaomba waimbe. Wakaniuliza waimbe nini. Nikasema chochote cha kumsifu Mungu. Walijaribu, ila kila mmoja na dhehebu lake. Mshale ukakimbilia kwenye wekundu palepale, boti ikalala. Mmoja akaanza wa Kilingala, wakashangilia wote, wakacheza mpaka boti ikayumba. Bado wekundu.

Mchana nikarudi mtupu, peke yangu. Kwenye skrubu hakuna 1, namba ndogo kuliko zote ni 4. Nikaweka 4. Nikagusa gasi kwa kidole tu, kama mtu anayepima joto la uji. Mshale, pwaa, wekundu! Nikapunguza. Nikarudi hivyo, nikitambaa juu ya ziwa zima la Kivu, jua la kiangazi utosini, ndege ya mchana ikashuka uwanjani Kamembe huku mimi niko palepale.

Halafu nikasikia nyimbo nyuma yangu. Wavuvi wa sambaza, wale wanaofunga mitumbwi mitatu pamoja na kupiga kasia kwa kufuata wimbo. Wamewahi kutoka leo. Kasia! Wakanifikia. Wakanipita. Kiongozi wao akasimamisha wimbo kwa huruma, akaniita, "Mzee, tukuvute? Tuko na kamba!"

Nikawaambia nachunguza ufukwe. Wakaendelea na wimbo wao. Nadhani waliongeza ubeti.

Lakini aibu ni mwalimu. Nimepata kanuni! Nikiwa peke yangu, mota inapagawa na haiendi. Watu sita, inapagawa kidogo. Kumi na wawili, inatulia na kuruka. Mota hii inapenda watu. Upweke unaichanganya kichwa. Mbona hata binadamu ni hivyo hivyo?

Jumapili, 16 Julai

Gad amekuja baada ya ibada. Amekaa kwenye ukingo wa kiti, kofia mikononi. Nikajua kuna neno.

Akasema alishazungumza na Gasana kuhusu Jumamosi. Si kwa kunidharau, akasema. Ni kwamba Mzee Ntabaza, baba wa Larissa, ni mtu wa muda. Amesema abakwe, yaani sisi wa upande wa kijana, tufike saa nne asubuhi, na tuwe watu sita tu, hataki maandamano. Inasemekana aliwahi kuwafungia lango waombaji wa binti yake mkubwa kwa kuchelewa. Walikula chakula chao ufukweni na kurudi walikotoka, na yule kijana hakurudi tena kuomba.

Na habari za mimi kupitwa na wavuvi zimefika mpaka Gashonga, alisema Gad. Kwa pikipiki, bila shaka.

Nilijisikia vibaya sana. Ushindi alipofariki, Gad alikuwa na miaka saba. Nilimtoa Bukavu kwa boti, analia, na ili anyamaze nikamkalisha nyuma kwenye mota, nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake kwenye gasi. Alinyamaza. Tangu siku ile kila tukivuka ilikuwa hivyo, mpaka alipokua akaona haya. Sasa anakwenda kuomba mke, na atavushwa na mtu mwenye mbuzi.

Mukankusi alileta chai. Akanitazama, akamtazama Gad. Akasema mtoto haombewi mke kwa boti ya jirani wakati baba ana boti. Mwisho. Gad akainamisha kichwa, akakubali. Mlangoni akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Papa, nakuomba kitu kimoja tu: tufike."

Nimemwahidi. Mungu ni shahidi, tutafika.

Ila sita! Kati ya namba zote, Mzee Ntabaza amechagua sita!

Jumatano, 19 Julai

Tatizo: abakwe ni sita. Mimi, Mukankusi, Gad, rafiki zake wawili, na Mzee Bashige atakayetusemea. Mota inataka kumi na wawili. Wanaokosekana ni sita.

Nilifikiria mifuko ya saruji. Namfahamu dereva wa lori anayetoka Muganza, mfuko mmoja una uzito wa mwanafunzi wa sekondari. Nikamdokeza Mukankusi. Akacheka mpaka akakaa chini. Akanikumbusha kwamba siku ya gusaba kila kinachoshuka kwenye boti ya abakwe ni zawadi. Wataipokea kwa vigelegele na kuipandisha mlimani, na nani atathubutu kusema samahani, ile ilikuwa ya mota?

Basi ni watu. Lakini watu gani? Nikileta walioalikwa zaidi ni matusi kwa wenyeji: viti vimehesabiwa, chakula kimehesabiwa. Wanatakiwa watu wa Nkombo wenyewe, wanaokwenda zao nyumbani. Wazito. Wenye heshima. Wasioketi kwenye sherehe.

Korali!

Nimemfuata Maman Patricie sokoni, amekuja kuacha kinanda kwa fundi. Nimemwambia kwamba Jumamosi asubuhi nitawavusha bure, yeye na wenzake watano, kwa kuwa napenda nyimbo za Mungu. Ameniangalia kwa muda mrefu. Akasema atakuja kuchukua kinanda siku hiyohiyo, na kwamba Jumamosi wana sherehe ya kuimbia huko kwao. Sherehe ipi hakusema, wala sikuuliza. Yangu ni uzito tu.

Gad hajui. Mukankusi hajui. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Jumamosi, 22 Julai

Naandika nikiwa bado na suti. Nitaanza mwanzo.

Saa mbili na nusu tuko gatini. Gad amevaa suti ya kijivu, kapendeza hadi nikageuka kutazama ziwa. Mzee Bashige anarudiarudia hotuba yake kwa sauti ndogo. Korali haipo. Nikasema tusubiri kidogo, nakagua jile. Nikazikagua. Nikazikagua tena. Mukankusi akaniuliza nina nini. Rafiki mmoja wa Gad akatazama simu yake kwa mara ya tano.

Hatimaye Maman Patricie akateremka peke yake, kinanda mgongoni, gauni la kumetameta. Wenzake, alisema, walishavuka jana jioni. Peke yake! Nimeahidiwa sita, nimeletewa mmoja!

Gad akanitazama. Nikamweleza kwamba huyu mama anakwenda kwao na ni vizuri kumsaidia. Kwa adabu yake akampokea kinanda.

Sasa tuko saba. Saba haipo kwenye skrubu! Waliotengeneza saa hii hawajawahi kubeba watu saba? Nikainama nyuma ya ubao wa saa na bisibisi, watu wote wananitazama mgongo. Sita au nane? Nikafikiri: kinanda nacho kina sauti, kinachukua kiti, na kimevalishwa jile. Kinanda ni mtu wa nane. Nikaweka 8.

Tukaondoka. Gasi kupita nusu kidogo, mshale ukafika kwenye wekundu. Nikashusha. Tukaenda mwendo wa bata. Nikasema haraka haraka haina baraka. Nkombo iko mbele, inaonekana wazi, nyumba na migomba, na haisogei. Mzee Bashige akaacha hotuba, akaanza kutazama jua. Rafiki wa Gad akasema ni saa tatu na nusu. Nilisikia jasho likishuka ndani ya suti mpaka kwenye soksi.

Kisha nyuma yetu, ile sauti. Gasana! Bila mbuzi leo, boti tupu, amevaa shati safi. Akaja ubavuni, akapunguza. "Anastase! Mota iko nakufa? Leta bageni huku, nibafikishe!"

Nikaelewa. Gad alimwomba atufuate kwa mbali. Endapo tungekwama. Sikukasirika, ndiyo ajabu. Niliona tu uso wa Gad, amekunja midomo kama alivyokuwa akiikunja utotoni akizuia kulia. Hataki kuhamia boti ile, na hataki kuchelewa. Anataka vyote viwili, na mimi ndiye ninayemnyima.

Nikamwambia Gasana asante, tunafika.

Hapo Mukankusi akainuka katikati ya boti. Akafungua kitenge chake cha begani, akakitupa juu ya saa, akakifunga fundo nyuma ya ubao. Saa ikatoweka. "Basi," alisema. "Sasa wekundu hakuna. Gad, kamata gasi."

Nikapiga kelele kwamba mota itapasuka. Naijua mota iliyopasuka, harufu yake iko puani mwangu mpaka leo! Mkono wangu haukuachia. Gad akaja nyuma, suti na yote, akachuchumaa kando yangu. Hakunipokonya. Akasema, "Papa, uniruhusu." Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Sijui ulianza lini kuwa mkubwa.

Nikasema ndiyo. Akasukuma.

Nilifumba macho na kusubiri mlipuko. Nikamwomba Mungu, nikamwomba Ushindi, nikaiomba mota. Nilisikia pua ya boti ikiinuka, maji yakipiga mbavu, na Maman Patricie akianza wimbo kwa furaha. Mlipuko haukuja. Nilipofumbua macho Gasana alikuwa nukta nyuma yetu, na watoto wa Nkombo wanakimbia ufukweni kutupokea.

Tulipita langoni saa nne kamili. Mzee Ntabaza amesimama na saa yake ya mkononi. Akatazama saa, akatutazama, akahesabu. Sita. Saba! Maman Patricie alikuwa amepanda mlima pamoja nasi na ameketi upande wetu, katikati ya Mukankusi na Mzee Bashige, anajipepea.

Msemaji wa wenyeji akasimama. Akasema wamezoea abakwe wanaokuja kuomba, ila hawa wa Kamembe wamekuja na mali ya wenyeji tayari. Akauliza, mmeanza kuiba kabla ya kuomba? Ndipo nikajua. Maman Patricie ni dada wa Mzee Ntabaza! Shangazi wa Larissa! Sherehe ya korali ilikuwa hii! Nilitamani ardhi ya Nkombo inimeze, na ni kisiwa kidogo.

Mzee Bashige akafungua mdomo, hotuba yote imemtoka. Maman Patricie akasimama mwenyewe. "Hapana bwizi. Nilipanda kwa miguu yangu," alisema. Akaeleza mbele ya watu wote. Kwamba alikwishasikia habari za kijana huyu, akataka kumwona mahali ambapo mtu hawezi kujifanya, yaani kwenye boti mbovu. Mbovu! Kwamba ameona muda unakwisha na kijana hakumfokea mtu. Ameona baba yake anamchelewesha kwa ushamba, na kijana hakumpokonya mota, aliomba ruhusa kwanza. "Mwanaume mwenye anaombaka ruhusa kwa muzee mwenye makosa," alisema, "huyo ataheshimu hata mtoto wetu. Miye ninabakia upande huu."

Wakacheka, wakapiga makofi. Mzee Ntabaza hakucheka, lakini alifuta macho kwa kisingizio cha vumbi. Tukatozwa faini ya kinywaji kwa kumteka shangazi. Larissa akatolewa. Akatazama chini kama inavyotakiwa, kisha akamtazama Gad, kama isivyotakiwa.

Tumepewa binti.

Wakati wa kula, Mzee Ntabaza alinisogelea. Akasema amesikia nina saa ya ajabu. Inasema saa ngapi? Nikamwambia leo imevaa kitenge.

Jumatatu, 24 Julai

Honorine amepita gatini na mizigo yake. Nimemweleza kila kitu, nikitarajia apongeze utafiti wangu. Alishika kichwa. "Mzee Anastase! Si nilikukatazaka kugusa ile vis? Zile namba ni za sumaku zenye ziko ndani ya mota. Hazikuwaka hesabu ya bantu!"

Akanieleza polepole, kama kwa mtoto. Mota yangu ina sumaku kumi na mbili. Saa inahesabu zinavyopita. Ukiidanganya kwamba ni sita, inasoma mara mbili. Ukisema nne, mara tatu. Mota ilikuwa inazunguka nusu tu, saa inalia wekundu, na mimi nashusha gasi. Haikupagawa kamwe. Haikuwa mpweke.

Nilimuuliza kama ana hakika kuhusu upweke. Ana hakika.

Akageuza skrubu kwenye 12, akaipaka rangi ya kucha ili isizunguke tena. Nyekundu. Gasana alikuwa pale akisikiliza. Nilisubiri kicheko. Akasema tu kwamba yeye naye mwaka wake wa kwanza alifunga elisi nyuma mbele. Huenda ni mtu mzuri. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Nakiri kabisa: chombo husomwa kilivyo, hakifundishwi. Somo nimelipata na halitanitoka maishani.

Alhamisi, 3 Agosti

Furaha! Harusi ni keshokutwa. Na Gad mwenyewe amekuja kuniomba. Mimi, si Gasana! Nimchukue Larissa Nkombo asubuhi na kumleta kanisani Kamembe, yeye na wazazi wake na Maman Patricie. Boti imeoshwa. Mukankusi ameipamba maua kuanzia puani hadi kwenye mota. Saa inasoma sawasawa, kitenge nimekirudisha kwa mwenyewe.

Ombi la Gad ni moja tu, tusisimame popote njiani. Mzee Ntabaza atakuwa na saa yake mkononi.

Hakuna wasiwasi, kwa sababu leo nimegundua jambo. Juu ya tanki la esansi kuna kipimo chenye mshale, na siku zote mshale huo unalala chini karibu na tupu. Abiria wanauona, wanaingiwa na hofu. Nimekifungua, nikatazama mgongoni. Kuna skrubu ndogo! Hakuna aliyenikataza, hii si ya Honorine. Nimeigeuza kidogo, mshale ukapanda. Nikageuza tena, ukapanda tena. Nimeendelea mpaka umegota juu kabisa.

Tanki limejaa! Bila kununua hata tone, wakati Gasana amepanga foleni kituoni na majerikeni yake kama mtu wa zamani. Nimemwahidi Gad kwamba tutakwenda na kurudi bila kusimama. Amenikumbatia. Hata makasia nimeyaacha nyumbani, yalikuwa yanabana maua.